Kwa Nini Prosesa Mpya Haziingii Madukani kwa Wakati Mmoja: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Kompyuta

Kampuni inapotangaza kizazi kipya cha prosesa, yaani chipu inayofanya mahesabu na kutekeleza amri zote za kompyuta, ambayo vitabu huiita kichakataji, tangazo huzungumzia familia nzima ya modeli, lakini madukani huonekana kwanza modeli chache za bei ya juu, huku zile za bei ya kati na za bei nafuu zikichelewa kwa miezi kadhaa, na nyakati nyingine kwa zaidi ya mwaka. Mnunuzi aliyeweka akiba yake kwa ajili ya kompyuta ya kazi, ya masomo au ya biashara hubaki njia panda, asijue kama anunue kwa bei kubwa iliyopo, asubiri modeli inayolingana na mfuko wake, au achukue ya kizazi kilichopita. Wengi huamua kwa kubahatisha kwa sababu hudhani kwamba ucheleweshaji wote ni wa aina moja, ilhali modeli huchelewa kwa sababu mbalimbali, na kila sababu huwa na muda wake. Makala haya yanaeleza sababu hizo na namna ya kuzitambua, kwa kuwa anayejua kinachoizuia modeli anayoitaka ndiye anayeweza kupima kama kusubiri kutamletea faida au kutampotezea muda.

Familia moja, tarehe nyingi

Mwaka 2017 unafaa kuwa somo la kwanza, kwa sababu ndani ya mwaka huo kampuni mbili za Marekani zinazotawala soko la prosesa za kompyuta za mezani, AMD na Intel, zilitoa vizazi vipya, na kila moja ilivitoa kwa awamu. AMD ilianza tarehe 2 Machi kwa Ryzen 7 yenye viini 8. Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kutekeleza amri kwa kujitegemea, hivyo prosesa yenye viini vingi hushughulikia kazi nyingi kwa pamoja. Ryzen 5, yenye viini 6 au 4, ilifuata tarehe 11 Aprili, na Ryzen 3, yenye viini 4, ikaingia madukani tarehe 27 Julai. Katikati ya tarehe hizo, tarehe 20 Juni, kampuni hiyo ilizindua EPYC kwa ajili ya seva, yaani kompyuta zinazohudumia watumiaji wengi kupitia mtandao. Tarehe 10 Agosti ikatoa Threadripper kwa wahariri wa filamu na wahandisi wanaohitaji viini vingi zaidi, na mwezi Oktoba ikatangaza prosesa za kompyuta mpakato, ambazo wengi huziita laptopu.

Jambo la kuzingatia katika orodha hiyo ni kwamba prosesa zote zilizotajwa, isipokuwa zile za laptopu, zilijengwa kwa kipande cha silikoni cha muundo uleule, chenye viini 8 na transista bilioni 4.8, kilichotengenezwa katika kiwanda cha GlobalFoundries kilichoko jimbo la New York. Transista ni swichi ndogo mno ya umeme, na ndiyo tofali ambalo kila chipu hujengwa kwalo. Ryzen 3 ya Julai, basi, haikusubiri uvumbuzi wowote ambao haukuwamo katika Ryzen 7 ya Machi, na miezi karibu mitano iliyozitenganisha ilitokana na namna vipande hivyo vinavyopatikana kiwandani, vinavyopangwa kwa madaraja na vinavyouzwa.

Upande wa Intel, kizazi cha 8 cha prosesa za Core kilianza na modeli za laptopu zilizotangazwa tarehe 21 Agosti 2017, kisha modeli za kompyuta za mezani zikaanza kuuzwa tarehe 5 Oktoba, lakini ubao mama wa bei nafuu wa kuzipokea haukupatikana mpaka Aprili 2018. Matukio haya yanaonyesha mambo manne yanayoamua tarehe ya modeli kufika dukani, nayo ni uwezo wa kiwanda, mkakati wa bei wa kampuni, utayari wa vifaa vinavyoandamana na prosesa, na usalama wa bidhaa yenyewe.

Kiwanda na hesabu yake

Prosesa huanza ikiwa sehemu ya kisahani cha silikoni chenye kipenyo cha milimita 300, ambacho mashine hukichora mifumo ya saketi tabaka juu ya tabaka kwa kutumia mwanga, kemikali na metali, katika mamia ya hatua zinazofuatana. Kazi hiyo huchukua takribani miezi mitatu au zaidi kwa teknolojia za kisasa, na baada yake visahani hukatwa vipande, vipande hupimwa, hufungwa katika vifuko vyake vya kulinda na kuunganishia umeme, kisha hupimwa tena, mara nyingi katika nchi nyingine kama Malaysia, ambako jimbo la Penang limekuwa kituo kikubwa cha kazi hiyo kwa miongo mingi. Kwa sababu hiyo, idadi ya prosesa zinazouzwa mwezi Oktoba huwa imeamuliwa katikati ya mwaka, na kampuni iliyokadiria vibaya mahitaji haiwezi kuongeza mzigo kwa wiki moja au mbili hata kama wateja wamepanga foleni.

Si kila kipande kinachotoka kwenye kisahani huwa kizima. Vumbi lisiloonekana kwa macho au tofauti ndogo katika unene wa tabaka inaweza kuharibu kiini kimoja na kuacha vingine salama, au kufanya kipande kihitaji umeme mwingi zaidi ili kufikia kasi ileile. Ndiyo maana baada ya kupimwa, vipande hupangwa kwa madaraja, jinsi kahawa iliyovunwa katika shamba moja inavyochambuliwa na kuuzwa kwa daraja la AA, AB na mengineyo. Kipande chenye viini vyote vizima na kinachovumilia kasi kubwa huuzwa kwa jina la juu, na kile chenye kasoro huzimwa baadhi ya viini na kupewa jina la chini. Modeli ya daraja la chini inaweza kucheleweshwa mpaka vipande vya daraja lake vijikusanye ghalani kwa wingi wa kutosha kuuzwa katika masoko yote, na kadiri kiwanda kinavyoizoea teknolojia, vipande vyenye kasoro hupungua, hata kampuni huanza kuzima viini vizima ili kutosheleza wateja wa bei nafuu.

Upangaji huo ndio pia unaofafanua modeli zenye herufi F katika majina ya Intel, ambazo hazina michoro inayofanya kazi, yaani ile sehemu ya ndani inayotuma picha kwenye skrini bila kadi ya ziada. Modeli hizo zilitokea Januari 2019, wakati ambapo viwanda vya Intel vilikuwa vimelemewa. Miezi michache kabla, Septemba 2018, Bob Swan, aliyekuwa akikaimu uongozi wa kampuni hiyo, alikiri katika barua ya wazi kwamba uzalishaji haukutosha mahitaji, na akaeleza kwamba kipaumbele kingepewa prosesa za seva na zile za Core za uwezo mkubwa. Maana yake kwa mnunuzi wa kawaida ilikuwa wazi, kwani bidhaa inapokuwa haba, kiwanda hulisha kwanza pale penye faida kubwa, na modeli nafuu huwa za mwisho kupewa nafasi.

Kampuni isiyo na viwanda vyake hukabiliwa na foleni ya aina nyingine. Tangu mwaka 2019 viini vya prosesa za Ryzen hutengenezwa na TSMC ya Taiwan, kampuni inayozalisha chipu kwa niaba ya wengine, na wateja wakubwa kuliko AMD, hasa Apple, huwahi kuchukua nafasi za mwanzo za kila teknolojia mpya. Simu za iPhone 12 zilitumia teknolojia ya TSMC ya nanomita 5 mwishoni mwa mwaka 2020, ilhali prosesa za Ryzen 7000 zilizotumia teknolojia ya kizazi hicho zilianza kuuzwa tarehe 27 Septemba 2022. Mnunuzi anayesikia kwamba teknolojia fulani imeshaingia katika simu asihitimishe kwamba kompyuta ya mezani yenye teknolojia hiyo iko karibu.

Bei hushuka kwa ngazi

Hata vipande vinapokuwa tele, kampuni hupendelea kuwauzia kwanza walio tayari kulipa zaidi, kwa sababu mnunuzi mwenye haraka angeweza kuridhika na modeli nafuu kama angeiona rafuni siku ileile. Kuanzia kizazi cha 12, Intel imeufuata mpangilio huu kwa namna inayotabirika. Modeli za mezani zenye herufi K, ambazo mmiliki anaruhusiwa kuziongezea kasi kupita kiwango cha kiwanda, hutangulia mwishoni mwa mwaka, na zile zisizo na herufi hiyo hufuata mwezi Januari, wakati wa maonyesho ya CES yanayofanyika Las Vegas. Kizazi cha 12 kilianza kuuzwa tarehe 4 Novemba 2021 kikiwa na modeli sita tu za aina hiyo, na modeli nyingine 22, zikiwamo Core i3-12100 na Core i5-12400 zilizopendwa na wanunuzi wa bajeti ndogo, zikatangazwa tarehe 4 Januari 2022. Kizazi cha 13 na cha 14 vilifuata nyayo hizo, vikianza Oktoba 2022 na Oktoba 2023, na kila kimoja kikakamilishwa Januari iliyofuata.

Ushindani ukilegea, ngazi hiyo hurefuka. AMD ilipotoa Ryzen 5 5600X tarehe 5 Novemba 2020 kwa dola 299 za Marekani, haikutoa modeli ya viini 6 iliyo nafuu zaidi isiyo na michoro ya ndani katika familia hiyo kwa wanunuzi wa reja reja mpaka tarehe 4 Aprili 2022, ilipoleta Ryzen 5 5600 kwa dola 199. Miezi 17 ilikuwa imepita, na Core i5-12400 ya Intel ilikuwa sokoni kwa bei ya karibu hiyohiyo kwa miezi mitatu. Hapa mnunuzi hupata kipimo chenye manufaa, kwamba modeli nafuu huwahi pale mpinzani anapokuwa na bidhaa nzuri katika bei hiyo, na huchelewa pale kampuni moja inapotamba peke yake.

Aina ya tatu ya ngazi hutokana na kazi ya ziada ya kiufundi. Modeli za AMD zinazoishia kwa X3D hubandikwa juu au chini ya kipande cha viini tabaka la kumbukumbu ya kache, ambayo ni hifadhi ndogo yenye kasi kubwa inayoweka karibu data zinazohitajika mara kwa mara, na mbinu hiyo husaidia sana michezo ya kompyuta. Kwa kuwa ubandikaji huo huongeza hatua za uzalishaji, na kwa kuwa seva hugombea vipande hivyohivyo, modeli hizo huja nyuma ya ndugu zake. Ryzen 7 7800X3D ilifika tarehe 6 Aprili 2023, zaidi ya miezi sita baada ya familia yake kuanza kuuzwa, na Ryzen 7 9800X3D ilifika tarehe 7 Novemba 2024, miezi mitatu baada ya Ryzen 9000 za kwanza.

Prosesa haiji peke yake

Prosesa haina kazi bila ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, yaani bodi kuu inayoiunganisha na kumbukumbu, diski na umeme. Kila ubao hubeba chipuseti, ambayo ni chipu saidizi inayoamua idadi ya milango na uwezo wa ziada, na chipuseti nazo hutolewa kwa awamu. Kizazi cha 8 cha Intel kilipoanza Oktoba 2017, chipuseti pekee iliyokikubali ilikuwa Z370 ya daraja la juu, hivyo mtu aliyenunua prosesa ya bei ya wastani alilazimika kuiweka juu ya ubao wa gharama, mpaka H370, B360 na H310 zilipotoka Aprili 2018. Ryzen 7000 nazo zilianza na bodi za X670 Septemba 2022, zikafuatwa na B650 mwezi uliofuata, na bodi nafuu za A620 zikachelewa hadi mwishoni mwa Machi 2023.

Kumbukumbu ya muda, inayojulikana kama RAM, huongeza uzito wa hesabu hiyo. Kizazi cha 12 cha Intel kilipoleta RAM ya aina ya DDR5 mwishoni mwa mwaka 2021, aina hiyo ilikuwa adimu na ghali, lakini wanunuzi walikuwa na nafuu ya kuchagua bodi zinazotumia DDR4 iliyokuwa imezoeleka. Ryzen 7000 haikutoa nafasi hiyo, kwa kuwa inakubali DDR5 pekee. Bei ya prosesa iliyoandikwa kwenye tangazo, kwa hiyo, si bei ya kuingia katika kizazi kipya, na mara nyingi kinachomfaa mnunuzi kusubiri ni ubao na RAM kushuka bei, wakati prosesa yenyewe imeshafika.

Laptopu zina ratiba yake. Mtengenezaji wa laptopu hawezi kuchomoa prosesa ya zamani na kuchomeka mpya, kwa sababu kwa kawaida prosesa ya laptopu huchomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na chasi, feni na betri hubuniwa kulingana na joto lake. Kwa hiyo kampuni ya prosesa inaweza kutangaza modeli katika CES ya Januari au katika maonyesho ya Computex yanayofanyika Taipei karibu na mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na laptopu zenyewe zikaonekana wiki au miezi kadhaa baadaye, zikianza zile za bei kubwa.

Kasoro na ahadi zilizochelewa

Kuna ucheleweshaji unaomlinda mnunuzi. Julai 2024 AMD ilisogeza mbele uuzaji wa Ryzen 9000 kutoka tarehe 31 Julai hadi tarehe 8 na 15 Agosti, ikieleza kwamba prosesa za awali zilizokwisha kupelekwa kwa washirika wake hazikukidhi kikamilifu viwango vya ubora. Kuchelewa huko kulikuwa kwa majuma machache tu, na kulikuwa bora kuliko yale yaliyoipata Intel mwaka 2011, ilipoanza kuuza kizazi cha 2 cha Core tarehe 9 Januari, kisha tarehe 31 mwezi huohuo ikasimamisha usafirishaji wa chipuseti zake baada ya kugundua kwamba baadhi ya milango ya diski ingeweza kudhoofika kadiri muda unavyokwenda. Kampuni ilikadiria gharama ya kurekebisha na kubadilisha vifaa hivyo kuwa dola milioni 700.

Kasoro nyingine hujitokeza baada ya muda mrefu. Prosesa kadhaa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 za Intel, zilizoanza kuuzwa Oktoba 2022 na Oktoba 2023, zilionekana kuyumba na kuzima programu kwa sababu zinazohusiana na umeme uliozidi kiasi, na ilikuwa Agosti 2024 ndipo kampuni ilipotoa marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa na kuongeza dhamana yake kwa miaka miwili. Kusubiri miezi michache, basi, huondoa hatari nyingi lakini si zote, na dhamana halali hubaki kuwa kinga ambayo subira haiwezi kuchukua nafasi yake.

Ucheleweshaji mkubwa kuliko yote ni ule wa teknolojia nzima kushindwa kukomaa. Intel ilipanga kuhamia teknolojia ya nanomita 10 karibu na mwaka 2016, lakini kompyuta zake za kawaida za mezani ziliendelea na nanomita 14 kuanzia mwaka 2015 hadi kizazi cha 11 kilichotoka Machi 2021, na mabadiliko yakafika mezani kwa kizazi cha 12 mwezi Novemba wa mwaka huo. Kabla ya hapo, kizazi cha 5 kilichelewa kufikia kompyuta za mezani mpaka Juni 2015, na mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo kizazi cha 6 kikawa madukani tayari. Aliyesubiri kizazi cha 5 kwa muda mrefu akakinunua Juni alikaa na bidhaa mpya kwa takribani miezi miwili kabla ya mrithi wake kufika.

Safari ya mwisho hadi kwa mnunuzi

Tarehe inayotangazwa huzihusu hasa Marekani, Ulaya na masoko makubwa ya Asia. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi huagiza vifaa kupitia Dubai, na mwagizaji mwenye mtaji mdogo hujaza rafu kwa modeli anazojua zitatoka haraka, si kwa kila modeli iliyotangazwa. Isitoshe, baadhi ya modeli hazikukusudiwa kuuzwa kila mahali; Ryzen 5 5600X3D ya Julai 2023 iliuzwa na mtandao mmoja wa maduka ya Marekani, na Ryzen 5 7500F ya mwezi huohuo ilianzia China kabla ya kusambaa kwingine. Mnunuzi wa Afrika Mashariki anayepanga kusubiri modeli maalumu anapaswa kwanza kumuuliza mwagizaji kama modeli hiyo imo katika oda yake, kwa sababu jibu hilo lina uzito kuliko tarehe yoyote ya uzinduzi.

Kupitia njia hizohizo huingia prosesa zinazouzwa bila boksi, ambazo wauzaji huziita za trei, kwa kuwa hutoka kiwandani katika trei kubwa zilizokusudiwa watengenezaji wa kompyuta. Huwa nafuu na hufanya kazi sawa na zile za boksi, lakini prosesa ya boksi ya Intel au AMD kwa kawaida huja na dhamana ya kampuni ya miaka mitatu, ilhali ya trei humwachia mnunuzi ahadi ya muuzaji peke yake. Anayenunua ya trei anatakiwa kuandikiwa muda wa dhamana kwenye risiti pamoja na jina kamili la modeli.

Namna ya kuamua

Hatua ya kwanza ni kutambua aina ya ucheleweshaji. Ikiwa familia imeshaanza kuuzwa na kinachokosekana ni ndugu yake wa bei nafuu, subira ya miezi miwili hadi minne huwa na maana, hasa kama uzinduzi ulikuwa Oktoba au Novemba na Januari inakaribia, na mpinzani ana bidhaa nzuri katika bei hiyo. Ikiwa prosesa imeshafika lakini ubao mama wa gharama ya wastani haujatoka, inafaa pia kusubiri, kwa kuwa tofauti ya bei ya bodi inaweza kutosha kununulia RAM ya ziada. Lakini ikiwa kizazi kizima hakina tarehe, au tarehe yake imekwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja, mwenye shida ya kompyuta leo anunue kilichopo, kwa kuwa kazi anayoikosa kwa miezi hiyo ni hasara halisi na kasi anayoitarajia bado ni ahadi.

Hatua ya pili ni kujumlisha gharama zote kabla ya kulinganisha vizazi, yaani prosesa, ubao mama, RAM, na feni ikiwa haimo kwenye boksi. Majuma yanayozunguka uzinduzi wa kizazi kipya mara nyingi ndiyo majuma mazuri ya kununua kizazi kilichotangulia, kwa sababu wauzaji hupunguza bei ili kutoa mzigo, na bodi za kizazi hicho huwa zimekwisha kurekebishwa kasoro za mwanzo. Anayefanya hivyo ahakikishe kwamba soketi ya ubao, yaani kitako ambacho prosesa huchomekwa, bado ina modeli bora zaidi za kuhamia baadaye, na kwamba programu ya BIOS inayoiwasha bodi imesasishwa kuitambua prosesa anayoinunua, kwani bodi iliyokaa ghalani kwa muda mrefu inaweza kukataa kuwaka na prosesa mpya.

Hatua ya tatu ni kusoma jina la modeli kwa makini badala ya kuridhika na neno kizazi au na Core i5 peke yake. Laptopu yenye Core i5-7200U ina viini 2, na ile ya Core i5-8250U iliyoifuata mwaka 2017 ina viini 4, ingawa zote mbili huuzwa kama i5 na huonekana sawa kwa nje. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika soko la mitumba linaloletewa laptopu zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, kwa sababu Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Core za Intel orodha rasmi ya Windows 11 huanzia kizazi cha 8, isipokuwa kwa modeli chache mno. Mnunuzi wa mtumba aiwashe mashine, afungue ukurasa wa taarifa za mfumo, anakili jina kamili la prosesa na kulilinganisha na maelezo ya kampuni yenyewe, ambayo huonyesha idadi ya viini na mwaka wa kutoka.

Hatua ya nne inawahusu wanaonunua kwa niaba ya shule, ofisi na taasisi. Mwaka wa fedha wa serikali nchini Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai, na nyaraka za zabuni zinazoandikwa miezi mingi kabla ya mzigo kupokelewa zikitaja modeli moja tu, hujikuta zikidai bidhaa iliyoondolewa sokoni au ambayo haijafika. Inafaa zaidi kutaja kiwango cha chini cha viini, aina na kiasi cha RAM, mfumo endeshi unaopaswa kukubalika na muda wa dhamana, kisha kumruhusu mzabuni kuleta modeli yoyote inayokidhi masharti hayo. Taasisi ambayo kazi zake haziwezi kusimama isiagize kwa wingi modeli yenye umri wa majuma machache; ichukue mashine moja au mbili za kujaribia, na mzigo mkubwa ufuate baada ya miezi mitatu, masasisho ya kwanza ya BIOS yakiwa yametoka.

Mtu asiye na uhakika baada ya hatua hizo anaweza kujiwekea kanuni moja. Aandike kazi tatu anazozifanya kila siku kwa kompyuta na kiasi cha fedha asichotaka kukipita, atafute modeli iliyopo dukani inayozimudu kazi hizo ndani ya kiasi hicho, na kama ipo na ina dhamana iliyoandikwa, ainunue siku hiyo. Kama haipo, aandike sababu inayoizuia modeli anayoihitaji na mwezi anaotarajia ifike, na mwezi huo ukipita bila ya modeli kuonekana, achukue iliyo karibu nayo aanze kazi.